Shamba Lililobaki Jina Tu: Stori ya Divai Iliyofufuka Baada ya Miaka 100

Kama kuna kitu uliwahi kuanza halafu ukakiacha njiani, kaa hapa kidogo tuongee.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iligoma, nikafunga begi nikarudi Kayole. Hadi leo shangazi yangu akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ndiye alikuwa anasomea uhandisi." Alikuwa. Hilo neno huuma, bana.

Wikendi hupata kibarua cha uweita kwenye sherehe za wenye nazo. Usiku mmoja nikikusanya chupa mezani nikakuta moja fupi, nene, imekaa kombo kama kitu cha kale. Imeandikwa Vin de Constance, Afrika Kusini. Nikiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani nikaanza kuisoma kwa simu. Nilipitiliza steji yangu.

Wacha nikupe stori yenyewe.

Mwaka 1685, gavana wa Waholanzi kule Cape, Simon van der Stel, alijipatia ardhi kwenye mteremko nyuma ya Table Mountain. Akaiita Constantia, akapanda mizabibu. Alipofariki mwaka 1712 shamba likagawanywa. Sehemu moja ikawa Groot Constantia, yaani Constantia Kubwa, na nyingine ikaja kuitwa Klein Constantia, Constantia Ndogo.

Mwaka 1778 Hendrik Cloete akanunua ile Kubwa, na hapo ndipo mambo yakawaka. Divai nyeupe tamu ya Constantia ilivuka bahari hadi meza za wafalme Ulaya. Napoleon, akiwa amefungiwa kisiwani St Helena, alikuwa akiletewa chupa zake kutoka Cape. Jane Austen naye, katika riwaya yake ya 1811, Sense and Sensibility, ana mama mmoja anayetoa glasi ya Constantia iwe dawa ya binti aliyevunjwa moyo. Fikiria, msee: shamba la Afrika lilikuwa linatibu mahaba ya Waingereza.

Utamu wake haukutoka kwenye sukari ya dukani. Zabibu huachwa kwenye mzabibu hadi zinanyauka. Maji yanapungua ndani ya tunda, sukari inabaki. Sasa piga hesabu: tunda likinyauka, juisi inakuwa kidogo. Unahitaji zabibu nyingi kupata chupa chache, na kila siku unayongoja, mvua au ndege wanaweza kukumalizia mavuno.

Halafu ikaanguka. Kwanza ukungu ukashambulia mizabibu ya Cape. Mwaka 1861 Uingereza ikaondoa nafuu ya ushuru iliyokuwa ikizisaidia divai za huko sokoni. Mwaka 1885 ukoo wa Cloete ukawa hauna shamba tena. Groot Constantia ikauzwa kwa serikali ya koloni. Mwaka uliofuata, filoksera ikaonekana Cape. Hicho ni kidudu kidogo sana kinachofyonza mizizi ya mzabibu hadi unakufa. Divai iliyonywewa na Napoleon ikatoweka. Kilichobaki ni jina na chupa chache kuukuu kwenye maghala ya matajiri.

Karibu miaka 100, Constantia ikawa "ile iliyokuwa". Unaona kwa nini nilipitiliza steji?

Mwaka 1980, Duggie Jooste alinunua Klein Constantia ikiwa imechoka. Angeweza kufanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: kuchukua jina maarufu, kubandika lebo inayong'aa kwenye divai yoyote tamu, kisha kuuza. Watalii wangenunua. Badala yake aliwaita wataalamu, wakarudi nyuma kuuliza ile divai ya zamani ilitengenezwaje hasa. Mwaka 1982 wakapanda upya zabibu aina ya Muscat de Frontignan, moja ya zile zilizoijengea Constantia sifa. Kisha wakangoja. Mavuno ya kwanza ya Vin de Constance yalikuwa ya mwaka 1986, mikononi mwa mtengenezaji divai Ross Gower.

Miaka 6 tangu anunue shamba hadi kuvuna! Na hata baada ya kuvuna, divai bado ilipaswa kukaa kwenye mapipa. Siku hizi wachumaji hupita kwenye mizabibu ileile mara kadhaa msimu mmoja. Wanachuma zilizofika, zingine wanaziacha ziendelee. Leo divai hiyo imerudi kutajwa kati ya divai tamu bora duniani.

Lakini siwezi kukupa stori tamu nikakuficha chungu yake.

Van der Stel hakulima peke yake, wala Cloete. Walioinama kwenye ile mizabibu walikuwa watumwa. Watumwa wa Cape walitolewa Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Yaani wengine walitoka pwani hii hii yetu ya Afrika Mashariki, kusini kidogo tu. Wengi waliandikwa kwenye daftari kwa jina moja na mahali walikotoka: fulani wa Msumbiji, fulani wa Bengal. Basi. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini walishikiliwa miaka 4 zaidi kwa kisingizio cha kujifunza kazi. Hata baada ya hapo, mashamba mengi ya Cape yaliwalipa vibarua sehemu ya mshahara kwa divai. Mfumo huo uliitwa dop, na madhara ya ulevi wake bado yanaonekana katika familia za huko.

Kwa hivyo ukisikia divai imefufuka, uliza pia: wale waliochuma wamefufuliwa? Pale Groot Constantia sasa kuna maonyesho yanayoeleza maisha ya watumwa. Ni mwanzo. Ila jina la gavana bado linajulikana kuliko ya wote waliomlimia.

Sikushawishi unywe. Mimi mwenyewe sijawahi kuionja; chupa niliyoiokota ilikuwa tupu, na bei yake nikiitazama naona kodi ya nyumba. Nilichobeba ni kimoja. Jina la zamani halikurudishii ubora wako. Ubora ulirudi pale mtu alipokubali kuanza kwenye udongo, akapanda kitu ambacho hakingeonekana kwa miaka, huku watu wakiendelea kusema "ilikuwa".

Mwezi uliopita nilijiandikisha kwa kozi ya jioni ya umeme. Si uhandisi, ni cheti tu, na karo nalipa kidogokidogo kutoka kwa zile kazi za wikendi. Shangazi sijamwambia. Wacha kwanza nivune.