Je, Wajua? Kingamwili Zinazowinda Wadudu wa Meno

Je, wajua kwamba mtoto huzaliwa bila bakteria mkuu anayeozesha meno? Anaitwa Streptococcus mutans, na J. Kilian Clarke ndiye aliyemweleza kwanza, Uingereza, mwaka 1924. Mara nyingi mtoto humpata kwenye mate ya mamake au mlezi: kijiko kimoja, uji ulioonjwa kwanza.

Je, wajua anachokipenda bakteria huyo? Mabuyu ya rangi yanayomumunywa na watoto wa Gongoni na Mambrui, huko Magarini, pwani ya Kenya, yamepakwa sukari. Bakteria huigeuza sukari hiyo kuwa asidi, na nyingine akaifanya gundi ya kumnatisha kwenye ukoga. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, gamba la jino huanza kuyeyuka. Buyu hukaa mdomoni muda mrefu, na huo muda ndio unaoumiza jino.

Je, wajua kwamba silaha ya kumnasa bakteria huyo tayari iko katika zahanati za Magarini, ila kwa kazi nyingine? Mtoto mwenye homa hutobolewa kidole, tone la damu likatiwa kwenye kipimo cha plastiki, na baada ya dakika 15 hivi mstari ukajitokeza. Mstari huo huletwa na kingamwili za aina moja tu, zinazonasa protini ya kimelea cha malaria na kuacha vingine vyote. Kampuni ya GC ya Japani ilitumia mbinu hiyohiyo kutengeneza kipimo cha mate: dakika 15, na hujulikana kama Streptococcus mutans wamezidi.

Waliofungua njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja ni Georges Köhler na César Milstein, Cambridge, 1975. Waliunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaana. Tuzo ya Nobel ikafuata 1984.

Je, wajua kwamba tumbaku imewahi kutetea meno? Julian Ma na Thomas Lehner wa London walikuza kingamwili ndani ya mmea huo. Mwaka 1998 walitangaza kwamba watu waliosafishwa vinywa kwa dawa, kisha wakapakwa kingamwili hizo, walikaa miezi 4 au zaidi bila bakteria huyo kurudi. Lakini kingamwili hizo hazizibi jino lililokwisha toboka, na kwenye maduka ya dawa ya Malindi huzipati.

Kipimo cha mate ndicho ningekitaka kwanza, tena kliniki ya wajawazito, ili mama ajue na atibiwe meno yake kabla ya yale ya mtoto kuota.