Kitenzi 'Take Off' na Tafsiri Yake katika Kiswahili

Katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, Samuel Johnson alibainisha kuwa vitenzi vya Kiingereza vinavyobadilishwa maana na kijineno kinachovifuata ndivyo vinavyowatatiza zaidi wageni wa lugha hiyo. 'Take off' ni miongoni mwa vitenzi hivyo. 'Take' humaanisha kuchukua, na 'off' huashiria kutengana na kitu. Hata hivyo, kujumlisha maana hizo mbili hakumtoshelezi mfasiri.

Kinachomwongoza ni nomino inayoandamana na kitenzi. Ikiwa nomino hiyo ni vazi, Kiswahili hutumia 'vua'. Ikiwa ni ndege, 'ruka' au 'paa'. Ikiwa ni siku ya kazi, 'pumzika'. Na ikiwa ni mtu anayeigizwa kwa mzaha, 'iga'.

Kisintaksia, Kiingereza huruhusu 'he took off the coat' na vilevile 'he took the coat off'. Lakini nomino ikibadilishwa kuwa kiwakilishi, sharti kiwakilishi hicho kikae katikati: 'he took it off'. Kiswahili nacho hukipachika kiambishi cha yambwa ndani ya kitenzi: 'alilivua'. Maana ya kuruka kwa ndege, kwa kuwa haina yambwa, haina mgawanyiko huo.

Tofauti kubwa zaidi imo katika maumbo. Kiingereza huonyesha ukinyume kwa kijineno kilicho nje ya kitenzi: 'put on' na 'take off'. Kiswahili huuonyesha ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kauli ya kutendua: 'vaa' na 'vua', sawa na 'funga' na 'fungua'. Hivyo basi, anayetafuta neno moja la Kiswahili la kufasiri 'off' hatalipata.

Athari za kulisahau jambo hili si ndogo. Sentensi 'their business took off' ikifasiriwa 'biashara yao iliondoka', msomaji ataelewa kuwa biashara hiyo imetoweka, ilhali mwandishi amesema kuwa ilianza kushamiri. Sarufi ya tafsiri hiyo haina kasoro, na kwa sababu hiyo kosa lake ni vigumu kugunduliwa na mhariri asiyeiona matini chanzi. Kwa hiyo, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inapaswa kuipanga kila maana pamoja na aina ya nomino inayoandamana nayo, badala ya kuorodhesha visawe vitupu.