Kwa nini maharage yanachelewa kuiva Loliondo

Asubuhi za baridi za Juni na Julai, samli huwa imeganda kwenye kopo. Mtoto anaichokonoa kwa kijiko, haichoteki. Sogeza kopo karibu na jiko, na muda si mrefu samli inatiririka. Hilo ndilo somo analoandikiwa ubaoni: yabisi, kimiminika na gesi.

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno; za samli na maji huitwa molekuli. Kwenye samli iliyoganda zimebanana kama abiria wa basi la Arusha: zinatikisika, lakini hakuna anayehama kiti. Joto likipanda zinatikisika zaidi, zinaachiana na kupishana, samli ikawa majimaji. Maji yenyewe yakipata joto la kutosha, molekuli zake hutoroka kabisa na kutawanyika hewani kama mvuke.

Hapo ndipo Loliondo inapotofautiana na Pwani. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa inayoyakandamiza maji sufuriani ni nyepesi, na molekuli hutoroka mapema. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Huku ni 93 hivi. Yakishachemka hayapati moto zaidi hata uongeze kuni, unaongeza mvuke tu. Mgeni kutoka Pwani anaona sufuria inatokota saa nzima na maharage bado magumu, anamlaumu muuza maharage, au dada wa kazi, maskini, asiye na kosa.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika ukiwa umefunika, na yakitokota punguza moto. Sufuria ya presha husaidia zaidi: hufungia mvuke, mgandamizo ukapanda, na maji yakapita nyuzi 100. Usiifungue kabla presha haijaisha, wala usimwachie mtoto.

Maji ya kunywa nayo yanahitaji subira. Pwani dakika moja ya kuchemka kwa nguvu inatosha. Kwenye miinuko kama hii hesabu dakika tatu.

Mtoto akiuliza kama jiwe nalo huyeyuka, mtajie Ol Doinyo Lengai, mlima wa wilaya yake mwenyewe. Lava yake hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu tu ya joto la lava za volkano nyingi, na bado hutiririka kwa urahisi. Hutoka nyeusi, ikaganda, kisha unyevu wa hewa huigeuza nyeupe.