Uchungu wa Mubirizi na Ini la Mtunisha Misuli

Mji wa Goma, ulioasisiwa juu ya mawe meusi ya volkano na kujengwa upya kila mlima Nyiragongo unapoushukia, kama ulivyoushukia Januari 2002 moto ulipopita katikati ya maduka ukafika hadi ziwani, haujapata kupungukiwa na watu wenye nguvu za mwili. Wasukuma chukudu, wale wateremkao kutoka Kibumba na nchi ya Rutshuru na magunia ya viazi, kabeji na makaa juu ya chombo chao cha mbao chenye magurudumu mawili, wamepewa heshima ya sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko mmojawapo mkubwa wa mji, na aliyekwisha kuyaona mabega yao hana haja ya kuuliza kama waliistahili. Lakini hao misuli yao iliwajia bila ya kuikusudia, ikiwa ni ziada ya kazi. Ilhali siku hizi wako vijana wengine, wa Katindo na Himbi, wa Majengo na Ndosho, waitafutao misuli kwa nia na kwa nidhamu ya kustaajabisha, wakinyanyua vyuma vya kununua pale vinapopatikana, na pale visipopatikana wakinyanyua makopo yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Jambo hilo lenyewe lina kheri nyingi, nami siwalaumu. Neno langu ni juu ya vile wanavyovinywa kabla na baada ya vyuma, na juu ya kiungo kinachovipokea.

Itikadi iliyoenea miongoni mwa watunisha misuli, si wa Goma peke yao bali wa dunia nzima, ni kwamba vidonge na unga wa kukuza mwili huenda vikalichosha ini, hilo aghalabu hawalikanushi, lakini uchovu huo huondoka kwa kunywa mitishamba ya kulisafisha. Ulaya na Marekani msafishaji huyo ni mmea wa miiba uitwao Silybum marianum. Kwetu Kivu ni mubirizi, jani lile chungu ambalo mama zetu walitunywesha kwa homa na kwa minyoo, au ni bizari ya manjano iliyochanganywa na pilipili manga, au ni chupa isiyo na jina ya dawa ya kienyeji iuzwayo sokoni. Itikadi hiyo, kwa rai yangu, ina hatari kupita hata vidonge vyenyewe, kwa kuwa mtu anayekula kitu cha kumdhuru na huku anaogopa, huenda akakoma. Lakini anayekula kitu hicho akiamini kuwa ameshajikinga, hana sababu ya kukoma.

Ini limekaa upande wa kulia chini ya mbavu, na uzito wake kwa mtu mzima ni kama kilo 1.5. Damu yote itokayo matumboni, ikiwa imebeba chakula, kileo, dawa na sumu, haiendi moja kwa moja moyoni. Sharti ipitie kwanza kwenye ini, kama mizigo yote itokayo Gisenyi inavyosimama kwenye forodha ya mpakani, ikaguliwe, ivunjwevunjwe, kilicho chema kiruhusiwe na kilicho kibaya kigeuzwe kiwe kitu cha kutolewa kwa njia ya nyongo au ya mkojo. Kwa hiyo kulisafisha ini ni usemi usio na maana katika elimu ya tiba, maana hakuna taka zinazorundikana humo zikingoja jani la kuzifagia. Jani nalo, likishanywewa, ni mzigo mwingine mpya wa kukaguliwa. Tena Mwenyezi Mungu amelijalia ini subira ya ajabu: sehemu kubwa yake yaweza kukatwa nayo ikaota tena, na sehemu kubwa yaweza kuharibika bila ya mwenyewe kuhisi maumivu yoyote. Subira hiyo ndiyo inayowaghuri wengi.

Amma vidonge, historia yake inafahamika vizuri. Mwaka 1958 kampuni ya Ciba ilileta sokoni Marekani kidonge cha methandienoni kwa jina la Dianabol, nacho kikaenea upesi kwa wanyanyua vyuma. Homoni ya kiume ya asili, ikimezwa, huvunjwa na ini kabla haijafika kwenye misuli. Basi wanakemia walikigeuza kipande kidogo cha umbo lake ili ini lishindwe kuivunja upesi, na hapo ndipo ilipozaliwa jamaa nzima ya vidonge vya namna hiyo, kama vile stanozololi na oksimetoloni. Msomaji ataona mara moja mahali penye balaa: sifa ile ile iliyokifanya kidonge kiwe na nguvu ndiyo inayolitaabisha ini. Watumiaji wake hupatwa na kuziba kwa nyongo, macho yakageuka manjano na ngozi ikawasha usiku kucha. Wengine huota mifuko ya damu ndani ya ini, na wengine uvimbe, ambao mara chache huwa saratani. Sindano za homoni hiyo kwa kiasi kikubwa hulihurumia ini zaidi, lakini moyo na korodani hazisalimiki. Na sindano moja ikipita kwa watu wawili huleta mambo nitakayoyataja baadaye.

Sasa turudi kwenye majani, maana hapo ndipo penye ubishi, na haifai kuyadharau. Nchi hii ya Kivu haina haki hata kidogo ya kuidharau mimea, kwani tangu miaka ya 1940 kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimekuwa kikitengeneza kwinini kutoka katika gome la mkwinini uliopandwa katika milima yetu, na gome hilo limeokoa roho zisizohesabika. Lakini tazama kilichofanyika hapo: gome lilipimwa, kiini chake kikatolewa, kiasi cha kumponya mgonjwa kikajulikana, na kiasi cha kumvumisha masikio na kumtia giza la macho kikajulikana vile vile. Mti wenye nguvu ya kutibu ni mti wenye nguvu ya kudhuru. Usio na moja aghalabu hauna zote mbili.

Ule mmea wa miiba wa Ulaya umepimwa. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Ujerumani waliutoa kiini chake, silimarini, na umbo lake la kutiwa mshipani hutumika hadi leo hospitalini huko kwa watu waliokula uyoga wa sumu, jambo ambalo si dogo. Lakini mwaka 2012 zilitangazwa habari za utafiti wa Marekani uliofanywa kwa wagonjwa 154 wenye homa ya ini ya aina ya C, waliopewa silimarini kwa vipimo vikubwa kuliko desturi, wengine wakipewa kidonge kitupu kisicho na dawa: baada ya wiki 24 makundi hayo hayakutofautiana. Sijui ushahidi wowote madhubuti wa kwamba silimarini humkinga mtunisha misuli na madhara ya Dianabol. Haimdhuru sana, ni kweli. Inamdhuru mfuko wake.

Bizari ya manjano ni kisa kingine. Katika mchuzi haina neno, imeliwa Bara Hindi na Pwani karne na karne. Lakini ikikamuliwa ikawa vidonge vikali na kutiwa kiini cha pilipili manga, ambacho kazi yake ni kuifanya ipenye kwa wingi ndani ya damu, yaweza kuleta homa kali ya ini kwa baadhi ya watu, na mwaka 2022 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 10 wa namna hiyo, mmoja wao akiwa amefariki. Hali kadhalika majani ya chai ya kijani: ya kunywa kikombeni hayana hatia, lakini wakala wa Ulaya wa usalama wa chakula ulionya mwaka 2018 kwamba kiini chake kiitwacho EGCG, kikifika miligramu 800 kwa siku katika vidonge, huanza kuonyesha dalili za kuliumiza ini. Na vidonge hivyo vya chai ndivyo wanavyouziwa vijana ili kuyeyusha mafuta ya tumbo. Mbigili nao, mmea mwingine wa miiba uuzwao kwa madai ya kuongeza homoni ya kiume, umejaribiwa kwa wanamichezo mara kadhaa, na homoni haikuongezeka.

Karibu na kwetu zaidi, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka wilaya ya Rakai, Uganda, uliwapima wanavijiji ini na kuwauliza mitishamba waliyoitumia, ikaonekana kwamba matumizi ya mimea ya jamaa kadhaa, ikiwamo ile jamaa kubwa ya alizeti, yaliambatana na makovu katika ini. Mubirizi ni wa jamaa hiyo ya alizeti. Na hata ule mmea wa Ulaya wa silimarini ni wa jamaa hiyo hiyo. Sisemi kwamba mubirizi ni sumu, maana kuambatana si kusababisha, na jamaa moja ina mimea mingi isiyofanana tabia. Nasema kwamba anayeuza chupa kwa kudai kuwa kila kilicho kichungu hulijenga ini hana hoja.

Wanaotaka hesabu na waitazame hii, ambayo binafsi ilinishangaza. Wataalamu wa Marekani waliokusanya habari za wagonjwa 839 walioumizwa ini na dawa, kuanzia mwaka 2004, waliona kwamba sehemu iliyotokana na mitishamba na virutubisho ilipanda kutoka asilimia 7 hadi 20 katika muda wa miaka kumi hivi. Walioumizwa na bidhaa za kutunisha misuli walikuwa vijana wa kiume, waliokaa na macho ya manjano kwa muda wa kati wa siku 91, lakini hakuna aliyekufa wala kubadilishwa ini. Ama walioumizwa na mitishamba na virutubisho vingine, visivyo vya misuli, asilimia 13 kati yao walikufa au walibadilishwa ini. Yaani kile kinachodhaniwa kuwa kinga kimo katika fungu lililoua, na kile kinachoogopwa kimo katika fungu lililotesa tu. Si sheria ya kila mtu, lakini ni jambo la kumfanya mtu aketi na kufikiri.

Mwaka 2013 visiwa vya Hawaii vilipatwa na mkasa wa bidhaa iitwayo OxyELITE Pro, iliyouzwa kwa ajili ya kupunguza mafuta na kujenga misuli. Katika wagonjwa 29 waliochunguzwa mwanzoni, 24 walikuwa wameitumia. Mmoja alifariki na wawili walibadilishwa ini. Bidhaa hiyo iliuzwa madukani waziwazi, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haiwalazimishi watengenezaji wa virutubisho kuthibitisha usalama wake kabla ya kuviuza. Ikiwa mambo ndiyo hayo katika nchi yenye maabara kila mtaa, sembuse Goma, ambako tangu mji uangukie mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango, na bidhaa zikawa zinaingia kwa njia zinazojulikana na waziingizao? Kongo iliunda mwaka 2020 mamlaka ya kudhibiti dawa, ACOREP, lakini mkono wa Kinshasa ni mfupi huku. Kopo lenye picha ya mtu aliyefura kifua halimwambii mnunuzi kilichomo, na dawa ya kienyeji ya kunenepesha mara nyingine huwa imetiwa deksamethasoni, dawa ya hospitali, iliyosagwa.

Hapa inafaa kutaja kosa moja ambalo hata baadhi ya wauguzi huliingia. Vile vipimo vya damu ambavyo maabara zetu huviandika ASAT na ALAT havitoki kwenye ini peke yake. Vimo pia ndani ya misuli, na mtu aliyenyanyua vyuma vizito kwa nguvu zake zote anaweza kuonekana amevipandisha kwa muda wa siku 7 au zaidi, ilhali ini lake ni zima kabisa. Kijana akipimwa asubuhi baada ya mazoezi, akaambiwa ini limeharibika, ndipo anapokimbilia majani. Apumzike wiki moja, kisha apimwe tena, na pamoja na hivyo aombe Gamma-GT na bilirubini, ambazo misuli haizipandishi.

Wala asisahau maadui wa ini waliotangulia vidonge vyote. Homa ya ini ya aina ya B inakaa kimya katika miili ya watu takriban milioni 65 wa Afrika, wengi wao hawana habari, na sindano ya kuchangia chumbani nyuma ya ukumbi wa mazoezi ni njia yake ya wazi. Chanjo yake ni michomo mitatu, na hakuna chupa ya majani iwezayo kufanya kazi hiyo. Kisha kuna sumu ya ukungu katika mahindi na karanga, ile iliyowaua watu 125 katika mashariki ya Kenya mwaka 2004, ambayo kwa mwenye homa ya B huzidisha hatari ya saratani maradufu na zaidi. Anayekula karanga kila siku kwa ajili ya misuli na azichague kwa macho na kwa pua. Kuhusu pombe kali ya kanyanga sina haja ya kusema.

Misuli inahitaji protini, yapata gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, na Goma haina njaa ya kitu hicho kwa aliye na fedha kidogo: maharage yapo, mayai yapo, jibini ya Masisi ipo, na sambaza wapo, ambao wenyewe waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na tangu hapo wamewalisha watu wengi kuliko kopo lolote la unga.

Na aliyekwisha kunywa, akaona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kimepauka, macho yameingia manjano, aache vyote siku hiyo hiyo, vidonge na majani pamoja, na aende hospitali bila ya kungoja maumivu. Aende na kopo lake, na chupa yake, na kama ni jani basi alikunje jani bichi ndani ya karatasi alichukue, hata kama anaona haya; maana daktari akiambiwa tu kwamba mgonjwa alikunywa dawa ya kienyeji ya kijani, hana la kupima.