Kusoma Barua ya Biashara kwa Ufahamu: Zoezi kwa Wanaojifunza Kiingereza cha Ngazi ya Kati



Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia jambo ambalo vikundi vingi vya wajasiriamali hutuomba: mafunzo ya Kiingereza cha biashara. Mara nyingi anayeomba huwa anafikiria kuzungumza. Anataka aweze kumkaribisha mgeni, kujibu simu na kutaja bei. Hayo ni mema, lakini kwa uzoefu wetu kikundi hupata hasara kubwa zaidi kwenye karatasi. Mtu akikosea katika mazungumzo, mwenzake atamuuliza tena. Akikosea kuielewa barua ya mnunuzi au mkataba wa mkopo, hakuna wa kumsahihisha. Anaweka sahihi, na kosa linajulikana siku ya malipo.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza ngazi ya kati. Kwa kawaida ni mtu aliyemaliza kidato cha nne au zaidi, ambaye anaweza kusoma tangazo na kupata maana yake, ila karatasi ndefu humchosha na huishia kubahatisha.

Kiingereza kilivyofika Mazimbu

Wakazi wa Mazimbu wameishi na Kiingereza cha kazi kwa muda mrefu. Serikali ya Tanzania ilikitoa kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini kipande cha ardhi kilichokuwa shamba la mkonge, na mwaka 1978 ikaanzishwa hapo shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa kibaguzi mwaka 1979. Palikuwa na madarasa, shamba, karakana na zahanati. Mwaka 1992 Waafrika Kusini walirudi kwao na majengo yakakabidhiwa kwa Tanzania. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Kwa hiyo mkazi wa hapa hukutana na Kiingereza kila siku, iwe ni mwenye duka la vifaa vya ofisi, fundi anayeomba zabuni ya ukarabati, au mama lishe anayetaka kuhudumia warsha. Wakulima wanaoteremka kutoka milima ya Uluguru na pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki nao hupokea barua za wanunuzi kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Hiyo ni hatua kubwa, lakini mnunuzi wa viungo na msambazaji wa mashine wanaendelea kuandika wanavyozoea.

Tatizo liko wapi?

Tangu mwaka 1967 watoto wa shule za msingi za serikali wamesomeshwa kwa Kiswahili, na wakifika sekondari wanakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliandika taarifa kuhusu Kiingereza katika shule zetu. Walieleza kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusoma na kuelewa masomo yao. Baada ya taarifa hiyo ulianza mwaka 1987 mradi uliosaidiwa na Uingereza, uliopeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi, ngazi kwa ngazi. Wazo lake bado ni sahihi: mtu hujifunza kusoma kwa kusoma kingi, tena kinacholingana na uwezo wake. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili msomaji aelewe hadithi bila msaada, anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100.

Karatasi ya biashara, hata hivyo, ina hatari ambayo hadithi haina. Neno usilolijua halikudhuru sana, kwa sababu unajua kuwa hulijui na utauliza. Linalokudanganya ni lile unalodhani unalijua. Tazama mifano hii:

- "Outstanding": shuleni ni sifa ya mwanafunzi bora. Kwenye ankara ni deni ambalo halijalipwa.
- "Interest": shuleni ni kupendezwa na jambo. Kwenye mkopo ni riba.
- "Principal": shuleni ni mkuu wa chuo. Kwenye mkopo ni deni lenyewe kabla ya riba.
- "Security": wengi hufikiria mlinzi wa getini. Benki humaanisha dhamana, pengine nyumba yako.
- "Party": si sherehe. Kwenye mkataba ni upande mmoja wa wanaokubaliana.

Kundi la pili la hatari ni maneno madogo ambayo jicho huyaruka: "unless" (isipokuwa), "within" (ndani ya muda fulani), "by" mbele ya tarehe (siku hiyo au kabla yake), "may" (anaweza, halazimiki) na "shall" (ni lazima). Mara nyingi mzigo wote wa sentensi umebebwa na neno hilo moja.

Zoezi

Barua ifuatayo tumeitunga kwa ajili ya mazoezi. Isome mara tatu. Mara ya kwanza tafuta nani anamwandikia nani, na kuhusu nini. Mara ya pili pigia mstari kila namba na kila tarehe. Mara ya tatu zungushia duara maneno madogo tuliyoyataja. Usifungue kamusi mpaka umalize mara ya tatu.

"Thank you for your letter. We are pleased to offer TZS 9,000 per kilo for 800 kilos of black pepper. Moisture must not exceed 12 per cent. The goods should reach our store by 30 August. We will pay 40 per cent on delivery and the balance within 30 days, unless the quality check shows otherwise. Transport is for your account. Any amount outstanding from last season will be deducted from the final payment."

Sasa jibu maswali haya kwa Kiswahili. Kwa kila jibu onyesha kwa kidole sentensi uliyolitoa.

1. Mzigo wote una thamani gani, na siku ya kupokelewa mtalipwa kiasi gani?
2. Lori likiondoka Morogoro tarehe 30 Agosti jioni na kufika kesho yake, mmetimiza masharti?
3. Nani analipa nauli ya lori?
4. Je, mna hakika ya kupata fedha yote iliyobaki?
5. Siku 30 zinaanza kuhesabiwa lini?
6. Deni la msimu uliopita ni shilingi ngapi?

Majibu na maelezo

Swali la 1. Kilo 800 kwa shilingi 9,000 ni shilingi 7,200,000. Asilimia 40 ni shilingi 2,880,000. Inabaki shilingi 4,320,000, na hiyo ndiyo "balance". Anayefikia hapa na kufunga daftari amesoma nusu ya barua tu, tena ile nusu nzuri.

Swali la 2. Hapana. Barua inasema mzigo ufike ("reach") ghalani kwao ifikapo tarehe 30. Haizungumzii siku ya kuondoka.

Swali la 3. Ninyi wauzaji. "For your account" maana yake ni kwa gharama yenu. Kikundi kimoja cha wakulima wa viungo kutoka milimani kilituletea barua yenye maneno kama haya wakati mzigo umekwisha kufika Dar es Salaam. Katibu wao, kijana hodari aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa amesoma "account" kama akaunti ya benki. Akawaambia wenzake kuwa nauli itawekwa kwenye akaunti ya kikundi. Walisubiri wiki kadhaa. Fedha haikuja kwa sababu hakuna aliyeiahidi, na nauli ile ikala sehemu kubwa ya faida ya msimu. Ubaya zaidi, wanachama walianza kumshuku katibu kuwa amezila fedha. Maneno matatu ya Kiingereza nusura yavunje kikundi.

Swali la 4. Hapana. Neno "unless" limefungua mlango. Ukaguzi wa ubora ukionyesha tofauti, kwa mfano unyevu umezidi asilimia 12, mnunuzi anaweza kukataa kulipa yote. Barua haisemi nani atakagua, lini, wala kama mwakilishi wenu atakuwapo.

Swali la 5. Barua haisemi. Huenda ni tangu siku ya kupokelewa mzigo, huenda ni tangu ukaguzi utakapokwisha.

Swali la 6. Hili nalo halijasemwa. Mnunuzi ameandika kwamba deni lolote litakatwa kwenye malipo ya mwisho, bila kutaja kiasi. Kama kikundi hakina kumbukumbu zake, kitapokea chochote kitakachobaki.

Maswali ya 5 na 6 tumeyaweka kwa makusudi. Shuleni tulizoea kwamba kila swali la ufahamu lina jibu ndani ya habari, kwa hiyo mwanafunzi asipoliona hubuni. Katika biashara jibu sahihi mara nyingi ni "haimo." Msomaji anayeweza kusema hivyo kwa uhakika amefika mbali, kwa sababu sasa anajua la kuuliza kabla ya kupakia mzigo. Kutokana na barua hii kikundi kingeandika maswali matatu na kuyatuma kwa mnunuzi: nani atakagua ubora na wapi, siku 30 zinaanza lini, na deni la zamani ni kiasi gani.

Namba nazo zina lugha yake

Wapo wanaosoma maneno vizuri wakaanguka kwenye namba. Mambo matatu yaangaliwe.

Saa: "10.00 a.m." ni saa nne asubuhi. Kila mtu analijua hilo akiwa ametulia. Kwenye haraka ya kupakia mzigo, kumi huonekana kumi. Andika saa ya Kiswahili pembeni ya barua siku ileile unapoipokea.

Tarehe: 05/06 kwetu ni tarehe 5 Juni. Mmarekani akiandika hivyo ana maana ya tarehe 6 Mei. Barua ikitoka nje, omba mwezi uandikwe kwa jina.

Nukta na mkato: Mjerumani huandika elfu moja na mia tano kama 1.500, kwa nukta. Sisi tukiona hivyo tunasoma moja na nusu.

Jinsi ya kuendesha zoezi kikundini

Si lazima kuwa na mwalimu wa kulipwa. Kikundi cha watu sita hadi kumi kinaweza kukutana saa moja kwa wiki chini ya mwezeshaji mwenye kusoma vizuri kidogo kuliko wengine. Tunashauri yafuatayo:

1. Kusanyeni karatasi zenu wenyewe: ankara, stakabadhi, taarifa za benki, barua za wanunuzi, masharti ya mikopo. Futeni majina na namba za akaunti kabla ya kutoa nakala.

2. Karatasi moja fupi kwa kila kikao inatosha. Aya moja ikieleweka yote ni bora kuliko kurasa tano za kubahatisha.

3. Someni kwa Kiingereza, jadilini kwa Kiswahili. Lengo hapa ni kuelewa. Mtu anayelazimishwa kujibu kwa Kiingereza huficha asichokielewa, na aibu hiyo ndiyo inayogharimu. Mkutane siku nyingine kwa mazoezi ya kuongea.

4. Kila karatasi iulizwe maswali yaleyale matano: Nani anapaswa kufanya nini? Kwa kiasi gani? Kufikia lini? Isipofanyika, kitatokea nini? Na kipi hakijasemwa?

5. Wekeni daftari la "maneno ya uongo", yaani yale yenye maana moja shuleni na nyingine sokoni. Kwenye kamusi msiishie maana ya kwanza. Shukeni hadi mpate inayokubaliana na sentensi.

6. Wasioweza kusoma Kiingereza nao wahudhurie. Mama aliyekausha pilipili miaka ishirini atauliza juu ya unyevu swali ambalo katibu hatalifikiria.

Pamoja na hayo, someni pia vitabu vyepesi vya Kiingereza kwa burudani, hata kurasa mbili kwa siku. Mazoea hayo huongeza wepesi wa jicho.

Jambo la mwisho

Kujua Kiingereza hakumlazimishi mtu kukubali kila kinachoandikwa kwa Kiingereza. Mwanachama yeyote ana haki ya kuomba aelezwe kwa Kiswahili kile anachotakiwa kutia sahihi, na kuomba siku ya kwenda kukifikiria. Mnunuzi mwenye nia njema hataona vibaya. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na kwa kikundi chenye magunia ghalani kuuliza ni akiba.

Tunawakaribisha wanavikundi kukata ukurasa huu na kuutumia kwenye kikao kijacho. Anzeni na barua ile ya pilipili manga, kisha leteni ya kwenu.