Kanuni za Ushujaa na Kinachomsukuma Shujaa (Sehemu ya Pili)

Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa kuigiza wahusika wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulipotoka Marekani mwaka 1974, shujaa alipanda daraja kwa kuua mazimwi na, zaidi ya yote, kwa kutoa mali shimoni. Sarafu moja ya dhahabu ilimpa pointi moja ya uzoefu. Anampenda nani, amemwapia nani utii? Kanuni hazikuuliza. Wachezaji wakawa wasaka hazina, maana hicho ndicho kilicholipwa.

Greg Stafford alianzia kwingine. Mwaka 1985 kampuni ya Chaosium ilichapisha mchezo wake, Pendragon, unaohusu wapiganaji wapanda farasi wa Mfalme Arthur. Kila mhusika ana jozi 13 za tabia zinazopingana: huruma na ukatili, ukweli na hadaa, ushupavu na woga. Jumla ya kila jozi ni 20, hivyo upande mmoja ukipanda wa pili hushuka.

Tuseme adui ameanguka, upanga umemtoka mkononi, anaomba asiuawe. Mhusika ana huruma 16, ukatili 4. Mchezaji anarusha dadu ya nyuso 20. Inatoka 18, imepita 16, huruma imeshindwa. Anarusha tena kwa upande wa ukatili: 3. Basi mtu anayesifika kwa upole anamchinja aliyekwisha kusalimu amri, na wote mezani wameona.

Kuna pia hisia kuu: mapenzi kwa jamaa, utii kwa bwana, chuki kwa Wasaksoni. Mhusika akizitegemea vitani na dadu ikamkubalia, ustadi wake huongezeka sana. Ikimkataa, huvunjika moyo. Ikiharibika kabisa, hupatwa na wazimu na kutokomea. Huu ndio ubora mkubwa wa Stafford: kinachomtia shujaa nguvu ndicho kinachoweza kumwangamiza.

Toleo la tano la D&D, la mwaka 2014, liligusa jambo hilo kwa ncha za vidole tu. Mchezaji akiigiza vyema maadili au kasoro ya mhusika wake, msimamizi wa mchezo humpa fursa ya kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Lakini fursa iliyopatikana kwa kumlilia mama inaweza kutumika kesho yake kufungulia kufuli. Sababu na tendo vimeachana.

Jake Norwood alikuwa tayari amevifunga pamoja mwaka 2002 katika mchezo wake, The Riddle of Steel. Mapigano yake ni ya kutisha, pigo moja laweza kumaliza kila kitu, na anayepigania jambo lililoandikwa moyoni mwake huongezewa dadu papo hapo. Anayepigania ujira hapati hata moja. Hivyo mchezaji hujiuliza kama ugomvi huu una thamani kabla ya kuchomoa upanga.

Makala ijayo itaichambua Burning Wheel ya Luke Crane, ambamo mchezaji mwenyewe huziandika imani za mhusika wake, na kazi ya msimamizi ni kuzishambulia.