Sanduku la Betri za Redio: Uweke Nini?

Ukinunua Land Rover 110 iliyostaafu jeshini hapa Uingereza, ukiifikisha nyumbani utaanza kufungua vifuniko. Chini ya kila kifuniko kuna uwazi, na mwingi ni mtupu kwa sababu vilivyokaa humo vilibaki ghalani gari lilipouzwa. Yangu ina herufi FFR, maana yake ilitengenezwa ikiwa na nyaya za kufungia redio za jeshi. Umeme wake ni volti 24. Chini ya kiti cha abiria zimo betri mbili za kuwashia injini. Nyuma ya viti kuna sanduku la chuma lililobeba betri nyingine mbili, za redio tu. Chini ya kiti cha dereva ni pango.

Naanza na hilo sanduku, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Betri moja ya asidi ya Ah 100 ina uzito wa kilo 25 hadi 30, kwa hiyo mahali pale palizoea kubeba kilo zaidi ya 50, chini, katikati ya ekseli mbili. Ni mahali pa mzigo mzito. Wengi wetu tunapajaza mablanketi na kamba, halafu madumu ya maji tunayapandisha juu ya keria. Gari hili ni refu na linayumba kwenye kona hata likiwa tupu. Ukilitwisha kilo 40 kichwani, litakukumbusha kila mzunguko wa barabara.

Basi kiingie kitu kizito, lakini kipi? Bei nitakazotaja ni zile nilizozikuta mimi nikiulizia.

Tangi la maji la lita 40 ni kama pauni 90, na pampu yake ndogo 40. Kabla ya kuliweka, sanduku lioshwe kwa maji yenye magadi. Likitoa povu, asidi bado imo, rudia. Kwa safari za jangwani ningelichagua hili bila kufikiri. Ila Uingereza maji ya bomba yapo kila kambi, na mvua haijawahi kumsahau mtu. Nikaliacha.

Likabaki suala la kurudisha betri, safari hii za kuendeshea friji. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, volti 12 na Ah 100, niliikuta kwa pauni 250. Ina kilo 12 tu, na karibu nguvu yake yote, takriban saa-wati 1,280, inatumika. Maduka yanaishia hapo. Hayakwambii kwamba altaneta yako ni ya volti 24, hivyo unahitaji chaja ya katikati ya kushusha umeme, pauni 200 nyingine. Tena lithiamu haitakiwi kuchajiwa kwenye baridi chini ya sifuri, na sanduku la chuma Januari ni friji lenyewe. Ukinunua, chagua yenye kinga ya ndani inayokata chaji baridi ikizidi.

Upande wa pili ni betri mbili za asidi zilizofungwa, zile za AGM, pauni 150 kila moja. Zikiunganishwa kwa mfuatano zinatoa volti 24 na saa-wati 2,400. Ukizitumia nusu tu ili zisife mapema, unapata 1,200. Karibu sawasawa na lithiamu! Na chaja ya kushusha umeme huhitaji, mradi nyaya za zamani za sanduku hazijakatwa (zikague kabla ya kulipa), kwani friji nyingi za safari zenye kompresa hupokea volti 12 au 24, upendavyo.

Ni pauni 300 dhidi ya 450. Lithiamu itavumilia kuchajiwa mara elfu mbili na zaidi, asidi mara mia kadhaa. Anayelala garini mwaka mzima anunue lithiamu, pesa yake itarudi. Mimi nalala garini usiku kumi na mbili kwa mwaka, nikibahatika. Hizo mara elfu mbili ningemwachia nani? Nilichukua za asidi, nikaongeza chaja ya ukutani ya pauni 30, maana betri ya asidi ikiachwa tupu miezi ya baridi haiamki. Fyuzi na kipande cha waya, 12.

Na droo za kuteleza za nyuma je? Zilizo tayari zinafika pauni 1,000. Ukichonga mwenyewe, plaiwudi nzuri ni kama 75 kwa karatasi, reli mbali. Zote mbili zinaongeza uzito na kulala juu ya sanduku ulilokwisha kulimiliki.

Pango la chini ya dereva ni la spana na jeki, vitu usivyovigusa kila saa. Jirani yangu aliweka vikombe humo, na kila akitaka chai inabidi ateremke, ang'oe mto wa kiti, afunue kifuniko. Usizibe matundu ya sakafuni mwake: maji yanayopenya mlangoni yanatokea hapo. Kreti ya plastiki ya pauni 8 itainua vifaa visilowe. Kifuniko changu hakikuwa na kufuli, nikafunga komeo na kofuli kwa 15. Bodi ni ya alumini, kwa hiyo bolti za chuma ziwekewe washa za mpira, la sivyo alumini italika kuzunguka kila bolti.

Shemeji yangu wa Mombasa aliona picha akaniuliza, "Si uipakie tu melini uilete?" Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na muundo wa 110 ulitoka 1983, hata jina la Defender ambalo gari hili lilipewa baadaye ni la 1990. Nikamjibu aje yeye. Jumla nimetumia pauni 365, na friji inagandisha samaki.